Shamba la Wachelewaji

Ukifika shuleni kwetu leo utaonyeshwa ukumbi wa mitihani, mkubwa, wenye madirisha ya vioo na sakafu inayoteleza. Wageni wote huonyeshwa. Mimi hubaki mezani kwangu nikijifanya nina kazi nyingi, maana sipendi kuutazama ukumbi ule. Pale palikuwa na shamba la shemeji yangu.

Naliita lake kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyelitaka. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa mwalimu wa kilimo, na mimi ni karani wa shule hiyohiyo, kwa hiyo nilimpata kotekote, ofisini siku za kazi na kwa dada siku za mapumziko. Wanafunzi walimwita Mbolea. Alijua, akajifanya hajui, kama walimu wote wanavyojifanya. Mimi nilimwita hivyo waziwazi, maana shemeji ni wa kutaniwa. "Mbolea, chai yako inapoa." Naye alikuwa akinijibu kwamba ulimi wangu peke yake ungeweza kupalilia shamba zima, majembe yakapumzika.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuwa na shati hata moja lenye mfuko mzima. Mfukoni alitia kamba ya kupimia mistari, vigingi, mbegu zilizofungwa kwenye gazeti, wakati mwingine na udongo wenyewe. Dada alishachoka kushona. Ukimkuta njiani na ukamuuliza habari za nyumbani alikujibu kwa neno moja, lakini ukimuuliza habari za nyanya, jiandae kuchelewa unakokwenda.

Shamba lilikuwa nyuma ya vyoo, ukishapita tangi la maji. Majembe hayakukaa shambani. Yalikaa katika ofisi ya mwalimu wa nidhamu, nyuma ya mlango, yameegemezwa ukutani pamoja na fimbo. Nilipoanza kazi niliyaona pale na wala sikushangaa. Shule niliyosoma mimi yalikaa hapohapo. Mtoto akichelewa, shamba. Akipiga kelele darasani, shamba. Shati likitoka nje ya suruali, shamba. Kosa dogo mstari mmoja, kosa kubwa tuta zima. Ndiyo maana muhula ambao wanafunzi walikuwa na adabu, magugu yalifika magotini, na muhula wa fujo tulivuna hadi majirani wakatuonea wivu.

Shemeji hakuona ubaya. Yeye alitaka mikono, na mwalimu wa nidhamu alimletea mikono. Kila asubuhi kikundi cha wachelewaji kiliteremka na majembe mabegani, vichwa chini, na yeye aliwapokea kwa furaha kabisa, akawaeleza habari za mizizi na unyevu wa udongo huku wao wakihesabu dakika. Akipita mtu na kuona mtoto ameshika jembe, hakuuliza anajifunza nini. Aliuliza amefanya nini.

Binti yao, kitindamimba, alisoma hapohapo kwetu. Shemeji alimwita Mama, kwa kuwa alipewa jina la mama yake mzazi, na sijawahi kumsikia akimwita vingine. Shuleni wenzake walimwita Samadi, kwa sababu ya jina la baba yake. Watoto hawana huruma. Asubuhi alitangulia kutoka nyumbani mapema kuliko mzee ili wasionekane wakija pamoja, na mzee alimwachia njia, akajifanya anatafuta miwani. Dada aliniambia jambo hilo jikoni, akiosha vyombo, na hakugeuka kunitazama.

Basi, mkuu wa shule akamwita shemeji ofisini. Kati ya meza yangu na chumba chake kuna ukuta wa mbao ambao hata mtu akijikuna unamsikia. Mkuu ni mama mmoja mkavu lakini wa haki, na siwezi kusema alimwonea.

"Mwalimu, mwaka wa tatu una wanafunzi wangapi wa kilimo?"

"Wachache, mama."

"Na hao wachache, wangapi walilichagua somo wenyewe?"

Hakuwepo hata mmoja. Wote walikuwa wameangukia kilimo baada ya milango mingine kufungwa.

"Wazazi wanataka ukumbi," mkuu akasema, "na kiwanja ni hicho kimoja. Mimi sina ugomvi na nyanya zako. Lakini siwezi kuwaambia nimeweka shamba la watu wasiolitaka." Kisha akamwambia habari ya pili. Chama cha walimu wa kilimo cha nchi ya mbali kilikuwa kinaalika mwalimu mmoja akakae nao msimu mmoja, aone wanavyolima na wanavyofundisha. Mkuu alikuwa amependekeza jina lake. "Nenda ukatazame wenzetu wanafanya nini. Ukirudi, siku ya kuchagua masomo chumba chako kijae. Watoto waje kwa miguu yao. Kikijaa, shamba linabaki, na wazazi nitapambana nao mwenyewe. Kisipojaa, utanielewa."

Shemeji alitoka mle amekunja uso na huku anacheka. Sijui mtu anawezaje, lakini ndivyo alivyotoka.

Dada alimtafutia koti. Lilikuwa la marehemu baba yetu, limelala kabatini miaka na miaka, linanuka dawa ya nondo kiasi cha kumtoa mtu machozi. Mikono ilikuwa mifupi. Alisafiri hivyohivyo, viganja vyote nje, na mfuko wa mbegu za maharage kama zawadi kwa wenyeji wake. Kitindamimba alimsindikiza hadi getini tu.

Kutoka kule alipiga simu ya video kila Jumapili mchana. Dada aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari katikati ya meza, sisi tukakaa upande mmoja kama tunapigwa picha. Shemeji alitokea amevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, pua inamchuruzika. Alituonyesha mashine ya kukamulia, maziwa yanapita kwenye mabomba. Alituonyesha nyumba za plastiki ambamo nyanya zilipanda kamba kuelekea darini. Dada aliuliza kama anakula. Akajibu kwamba anakula, kisha akarudi kwenye nyanya.

Aliyotueleza kuhusu shule yenyewe ndiyo yaliyonifanya nisogeze kiti. Kila mwanafunzi akiingia mwaka wa kwanza alikabidhiwa ndama na kipande cha ardhi. Ndama akiugua, ni yeye anayemwita daktari wa mifugo, na anamshika mwenyewe. Mazao yakiharibika, anasimama mbele ya wenzake anaeleza yaliharibikaje, na anapewa alama kwa kueleza. Shemeji alilirudia hilo. "Wanampa alama kwa kushindwa, mnasikia? Akieleza vizuri kwa nini ameshindwa, anafaulu!" Kitindamimba, aliyekuwa anajifanya anasoma kitabu, aliinua macho.

Jumapili moja simu ilikuja mapema, na shemeji hakuonyesha chochote. Uso tu, na ukuta mweupe nyuma yake.

"Leo nimemkuta kijana analia mlangoni mwa zizi," akasema. "Kijana mkubwa, ana ndevu. Nikamwambia mkalimani amuulize ana nini."

"Kafiwa?" dada akauliza.

"Nilidhani hivyo. Kumbe amekatazwa kuingia zizini wiki nzima. Wenzake watamlishia ndama wake, yeye haruhusiwi hata kumgusa."

"Alifanya nini?" nikauliza mimi.

"Alichelewa."

Nilimwona kitindamimba anatazama ile simu kama anaiona mara ya kwanza.

Kwa kawaida shemeji angeendelea na hotuba. Siku hiyo aliegemea ukuta akavua kofia. Alituambia kwamba baadaye, mezani, wenyeji wake walimuuliza kwao wanafunzi huenda shambani mara ngapi. Naye akajibu, "Kila siku." Wakampigia makofi. Mwalimu mmoja wa kike, mzee, akainuka kumpa mkono na kusema kwamba hata wao hawajafika huko.

"Sikudanganya," akasema. "Si wanakwenda kila siku?"

"Wanakwenda," nikamwambia, na nikashindwa kumtania.

Alirudi amekonda zaidi, koti la baba likinuka ng'ombe. Walimu walikusanyika kumsikiliza. Wengi walitegemea picha za matrekta, na mkuu alitaka kujua ni mashine gani tunaweza kuombea msaada. Shemeji alisimama akasema amerudi na jambo moja tu. Kuanzia siku hiyo, asipelekwe shambani mtoto yeyote kwa kosa lolote.

Kwanza walidhani anatania. Kisha wakacheka kwa kuwa hakuwa anatania.

"Yaani umepanda ndege ukalifuata hilo?" akauliza mwalimu wa nidhamu, ambaye hulala na filimbi yake shingoni, naapa. "Sasa wachelewaji niwapeleke wapi, hotelini?"

"Wapeleke popote. Kwangu wasije."

"Na magugu nani atang'oa?"

"Yeyote atakayetaka."

Walicheka tena, lakini mkuu hakucheka. Akasema, "Muhula huu mmoja. Hadi siku ya kuchagua." Na mwalimu wa nidhamu akaambiwa atafute kazi nyingine ya adhabu. Akachagua kuosha vyoo, na kwa kweli vyoo vyetu havijawahi kung'aa vile.

Shemeji alihamisha majembe siku hiyohiyo. Aliyabeba kutoka nyuma ya ule mlango, akayapeleka kwenye kibanda cha mbao alichokipigilia mwenyewe kando ya tangi. Kisha akaenda kwenye darasa la mwaka wa pili, lile linalokaribia kuchagua, akawaambia kila mmoja anaweza kupewa tuta lake, apande anachotaka, na mavuno yawe yake. Kijana mmoja akanyoosha mkono, kwa heshima zote, akauliza, "Mwalimu, tumekosa nini?"

Alinisimulia hayo akiwa amekaa ukingoni mwa meza yangu. Nikacheka hadi nikafuta machozi. Yeye hakucheka. "Unaona nilichokifanya?" akasema, na hakuwa ananiuliza mimi.

Wiki za mwanzo alilima peke yake. Ilikuwa aibu kuona. Mtu mzima, mwalimu, ameinama katikati ya shamba kubwa kama hilo, na magugu yakimcheka kila upande. Wachelewaji walipita na ndoo kwenda vyooni wakamsalimu kwa mbali. Mimi niliagiza asipelekewe chai shambani, aje anywe ofisini, angalau akae chini kidogo.

Wa kwanza kuja alikuwa yule kijana aliyeuliza swali. Alitaka kupanda matikiti maji. Kila mtu alijua kwamba udongo ule hauwezi matikiti maji, na shemeji alijua kuliko wote, lakini akampa tuta na mbegu. Wa pili na wa tatu walikuja kumcheka yule wa kwanza wakabaki. Kila aliyechukua tuta alipewa jembe lake, mpini umepakwa rangi aliyoichagua. Mwekundu, wa njano, wa kijani. Punde kile kibanda kikawa na rangi kama duka la vitenge.

Matikiti yakafa, bila shaka. Shemeji alimsimamisha yule kijana shambani mbele ya wenzake, akamwambia aeleze. Akaeleza habari za maji yaliyotuama na mizizi iliyooza, akigugumiza mwanzoni, kisha akachangamka akaanza kuchora chini kwa kijiti. Alipomaliza shemeji akampigia makofi, na wengine wakafuata. Niliyasikia kutoka ofisini. Nilidhani kuna mpira.

Kitindamimba alikuja baada ya hapo. Hakumwambia mtu. Dada alishangaa tu kuona viatu vina udongo. Alichukua tuta la pembeni, karibu na uzio, akapanda kabichi, na jembe lake likapakwa rangi ya bluu. Jioni moja nikiwa nafunga ofisi niliwaona yeye na baba yake wanatoka getini pamoja, yeye anaeleza kitu kwa mikono miwili, mzee ameinamisha kichwa anasikiliza. Niliwapitia nyumbani kwao baadaye nikamwambia dada. Alikaa kwenye kigoda akalia, tena kwa sauti, akasema ni kitunguu. Hapakuwa na kitunguu.

Kufikia mwisho wa muhula matuta yalikaribia kuisha. Hata mimi, ambaye sijui tofauti ya karoti na figili hadi nitafune, nilianza kuhesabu vichwa nikipita dirishani. Walitosha chumba. Si kwa kubanana, lakini walitosha. Mkuu naye aliteremka hadi kwenye tangi, akasimama hapo amekunja mikono, akarudi bila kusema neno. Nikajua amehesabu pia. Na shule nzima ilimtazama Samadi. Kama mtoto wa Mbolea atachagua kilimo, basi kilimo si jambo la kuchekwa. Kama hatachagua, nani atamtangulia?

Siku moja kabla ya kuchagua, mkuu alimpa shemeji nafasi ya kuzungumza mstarini asubuhi, kama walimu wa masomo mengine. Nilitoka nikasimama barazani nimsikilize. Alikuwa amevaa shati jipya, mifuko mizima. Dada alikuwa amelipiga pasi hadi likasimama lenyewe.

Alizungumza vizuri, jamani. Sijawahi kumsikia akizungumza vile mbele ya watu. Aliwaeleza habari za yule kijana mwenye ndevu aliyelia mlangoni mwa zizi, na wanafunzi walinyamaza hadi nikasikia bendera inavyopiga mlingoti. Akawaambia kwamba jembe si adhabu. Akasema shuleni hapa halitakuwa adhabu tena.

Ndipo katika mstari wa wasichana wa mwaka wa pili mmoja akageuka akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akacheka kidogo. Yule aliyegeuka alikuwa kitindamimba. Alichomnong'oneza alikuja kuniambia mwenyewe baadaye, amelala kitandani kwangu uso ukutani. Alikuwa anamwambia rafiki yake twende wote kilimo kesho, nitakugawia nusu ya kabichi zangu.

Lakini baba yake aliona kichwa kilichogeuka. Mwalimu mwenye mtoto wake shuleni huwa na ugonjwa huo, wa kumwona wa kwake kabla ya wengine, asije akaambiwa anapendelea. Akanyoosha mkono. Sikumsikia akisema Mama.

"Wewe! Unaongea mimi nikiongea? Kachukue jembe!"

Nadhani hakujua kwamba amesema. Mdomo ulisema wenyewe, kama ulivyosema miaka yote. Watoto walitazamana kuhakikisha wamesikia walichosikia. Halafu shule nzima ikalipuka kwa kicheko. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Walicheka kama unavyocheka mtu akianguka akiwa katikati ya kujisifu kwamba haanguki. Mwalimu wa nidhamu alijaribu kujizuia, akashindwa, akageukia ukuta.

Shemeji alibaki na mkono hewani. "Rudi," akasema. "Rudi, mama, rudi." Lakini hakuna aliyemsikia katika kelele zile, na kitindamimba alishaondoka mbio, maana shuleni kwetu ukiambiwa kachukue jembe unakwenda mbio. Akarudi nalo. Hakuchukua jembe lolote tu, alichukua la kwake, lenye mpini wa bluu, akasimama mbele ya shule nzima ameliweka begani, akisubiri aambiwe alime wapi. Niliingia ndani. Niliumia kiasi kwamba sikuweza kuendelea kutazama.

Siku ya kuchagua masomo, kwetu hakuna kujaza karatasi. Mkuu aliondoa karatasi alipogundua wazazi ndio wanaojaza. Kila mwalimu hukaa katika chumba chake, mlango wazi, kengele inalia, na wanafunzi wa mwaka wa pili wanatembea kuelekea wanakotaka. Kengele ya pili ikilia milango inafungwa.

Mimi ndiye niliyepiga kengele. Kisha nikasimama mwisho wa korido, mahali ambapo naona mlango wa shemeji. Walipita kundi kwa kundi kwenda biashara, kwenda kompyuta, kwenda fizikia. Waliokuwa na matuta walipita pia. Wengine walichungulia ndani wakampungia mkono kwa aibu, na mmoja nilimsikia anamwambia mwenzake, "Kilimo chenyewe ni kilekile tu, walikipaka rangi." Yule kijana wa matikiti alisimama mlangoni kwa muda. Rafiki zake wakamwita, akawafuata.

Korido ilipokuwa imebaki tupu akaja kitindamimba. Alitembea taratibu, akaingia kwa baba yake, akakaa dawati la mbele kabisa. Nikasogea. Najua haikuwa adabu kusikiliza, lakini nilisogea.

Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya meza, mikono juu ya magoti. Ubaoni alikuwa ameandika, "Karibuni."

"Umekuja kunihurumia?" akamuuliza.

"Hapana, baba. Kabichi zangu bado."

"Somo la mtu mmoja hawalifungui, mama. Ukikaa hapa watakutupa popote kwenye nafasi iliyobaki. Nenda biashara kabla mlango haujafungwa."

"Sitaki biashara."

"Najua."

"Baba, mimi nilikuwa namwambia..."

"Nenda, mama. Kimbia."

Akatoka. Alinipita bila kuniona. Nilichelewesha kengele ya pili hadi nilipomwona ameingia, na nadhani hilo ndilo jema pekee nililolifanya siku hiyo. Kisha nikaipiga. Shemeji aliinuka akafuta ubao, akaufuta vizuri kabisa hadi kwenye pembe, akafunga mlango wake mwenyewe.

Mkuu hakumwita. Alikuja yeye ofisini kwangu shemeji alipokuwa anakunywa chai, akasimama, akasema, "Mwalimu, pole." Shemeji akasema asante, mama. Alipewa kusimamia maktaba.

Matofali yalikuwa yanakuja, ikabidi shamba liondolewe kwanza. Mwalimu wa nidhamu aliona kazi imepatikana. Asubuhi aliwakusanya wachelewaji kama zamani, akawapeleka kwenye kile kibanda, wakagawiwa majembe yale yenye mipini ya rangi, yeyote lolote. Tukiwa ofisini tukasikia vyuma vinagongana vikipita dirishani. Shemeji alitua kikombe, akatoka. Nikamfuata, nikaishia kwenye tangi.

Jembe la bluu lilikuwa limebaki kibandani. Alilichukua, akaenda hadi karibu na uzio, akaanza na kabichi za binti yake. Alizing'oa moja moja, akakung'uta udongo kwenye mizizi, akazilaza chini kwa mstari, kama bado kuna mtu atakayekuja kuzikagua. Wachelewaji walimtazama pembeni pembeni wakaendelea. Wakaja wakakutana naye katikati ya tuta, yeye akitoka upande huu na wao upande ule. Jasho lilikuwa limemlowesha, na lile shati jipya lilikuwa limeshachanika mfuko.

Kando yake alikuwa mtoto wa kike wa mwaka wa kwanza, mdogo, mgeni shuleni, pengine hakujua hata ni mwalimu wa nini. Alimtazama, akatazama jembe, akamuuliza taratibu kama wanavyoulizana wenyewe.

"Mwalimu, na wewe umekosa nini?"

"Nilichelewa," akasema.

Mtoto akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Akasogea kidogo kumpa nafasi kwenye mstari, wakaendelea kung'oa.